Mstari Mmoja Tu Kwenye Wasifu Wangu

Jumanne jioni, Homa Bay

Nilikuwa nimeamua kabisa kufunga akaunti yangu kwenye ule mtandao wa wataalamu. Kila nikiingia ni watu wanajisifu, na mimi mwaka wa pili huu sina kazi.

Leo asubuhi Mama Akinyi, muuza samaki wa Sindo, akanipigia. Friza yake imezima, imejaa mbuta. Binti yake ndiye aliyenipata mtandaoni, alipobahatika kuona neno friza chini kabisa ya wasifu wangu.

Nilienda, nikabadilisha waya ulioungua, friza ikanguruma. Mama Akinyi akapiga makofi.

"Nyathina, mwanangu, si ungeandika tu unatengeneza friza? Hayo mengine hatukuyaelewa."

Nilicheka mpaka machozi. Juu kabisa ya wasifu nilikuwa nimejiita "Kiongozi mwenye maono", kweli?

Sifungi akaunti. Bado naogopa kwamba simu haitalia tena, lakini nimefuta yote nikaandika: Natengeneza friza, Homa Bay mpaka Sindo.