Gauni la Harusi Naenda Kulinadi

Sofia mwanangu,

Maharage yako jikoni, yachemshe tena kabla ya kuyaunga. Mdogo wako Uwesu akitoka madrasa ale kwanza ndipo akacheze.

Nimeenda mnadani Buguruni na lile gauni la harusi nililolipata kwenye mitumba ya Ilala. Wiki mbili nimelitoa madoa na kulishona lesi upya. Asubuhi, ulipokuwa bombani, baba yako aliniambia, "Mke wangu hatanadi nguo za kafa Ulaya mbele za watu." Akatoka bila kunywa chai. Tangu wampunguze kazi kiwandani kila kitu kinamuuma. Lakini koti analoringia siku za Ijumaa nalo nililitoa kwenye mitumba hiyohiyo, nikamwambia ni la dukani.

~~Usimwambie.~~ Hapana, mpe karatasi hii aisome mwenyewe.

Baba Sofia, sijakukimbia. Nitasimama pale mbele kwa dalali, na wakiuliza ni la nani nitasema ni langu. Ukipenda, njoo unishikie upande mmoja. Gauni ni refu, na chini pana vumbi.

Mama Sofia