Aliyesubiriwa Kabla ya Harusi

Mjukuu wangu Neema,

Huku Katubuka tu wazima. Shangazi yako bado anaanika dagaa Kibirizi.

Unauliza kwa nini mchungaji anawafundisha wewe na mchumba wako habari za ubatizo badala ya ndoa.

Babu yako aliponiposa nilikuwa mkimbizi kutoka Burundi, sina ndugu wa kunisimamia. Mchungaji akaniuliza, "Wewe ni nani?"

"Mtoto wa Mungu tangu nilipobatizwa. Jina hilo nilivuka nalo mpaka."

Akamgeukia babu yako, naye akataja ukoo wake wote wa Kalinzi.

"Hao nimewasikia. Na wewe?"

Babu yako akaanza tena kuutaja ukoo.

Harusi ikaahirishwa mpaka naye ajifunze ubatizo wake unamwita nani. Watu wakasema kikwazo ni mkimbizi. Hawakujua anayesubiriwa ni mwenyeji.

Bibi yako