Mama Aliyeonekana Kwenye Filamu

Thika, 3 Machi 1957

Mama mpendwa,
Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, mafua tu kidogo. Miguu yako je, bado inakusumbua? Mwaka wa tano huu tangu niingie kwa masista, na hujanijibu barua hata moja. Sikulaumu, mimi ndiye mtoto wako wa pekee, nami nilikuacha peke yako.

Kuna watu wanatengeneza filamu ya maisha yangu: nilivyotunga mashairi yakasomwa redioni, kisha nikawa sista. Mimi sitaonekana. Mwalimu mmoja, Ndinda, ataniigiza. Itafika Ruiru mwezi wa Agosti. Nilitaka ulisikie jambo hili kwangu kwanza.

Mwanao,
Syokau

Ruiru, 25 Agosti 1957

Mwanangu Syokau,
Sijambo, miguu ni ile ile. Gari la sinema lilikuja jana, wakatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa stoo ya kahawa. Nilikaa chini, mbele kabisa. Huyo Ndinda ni mzuri, lakini anatembea haraka kuliko wewe. Alisoma lile shairi lako la mvua. Mimi sikuwa nimewahi kulisikia.

Mwishoni mama mmoja, ndiye eti mimi, anakusindikiza mpaka kwa masista, amekubebea sanduku kichwani. Majirani wamenipa mkono, wananisifu. Syokau, siku ile ulipoondoka nilijifungia ndani. Nilikusikia ukibisha hodi, sikufungua mpaka ukaenda. Nani aliwaambia nilikusindikiza?

Mama yako

Thika, 1 Septemba 1957

Mama mpendwa,
Natumaini barua hii itakukuta salama. Ni mimi niliyewaambia. Waliniuliza, "Nani alikuleta?" nikashindwa kusema nilikuja peke yangu. Nikaanza kueleza ulivyovaa, ulivyoniambia nikuandikie barua, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kukuona. Uongo huo nimeuungama. Lakini sikuwaomba waukate kwenye filamu. Nisamehe.

Wageni huruhusiwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya misa.

Mwanao,
Syokau

Ruiru, 29 Septemba 1957

Mwanangu,
Huku tu wazima, na mvua bado. Barua yako nimeisoma mara nyingi, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Nimeomba ruhusa kazini. Jumapili ijayo nitapanda treni ya asubuhi. Sijui masista hula nini, kwa hiyo nitaleta muthokoi wa mahindi na maharagwe, utakula ukiruhusiwa.

Wala sijui nikuite Syokau au Sista. Utaniambia nikifika.

Mama yako