Mchuzi wa Mama Hautachomwa Naye

Ban Lat, Phetchaburi,
14 Machi 2019.

Mpendwa Kaka Wichian,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Habari za baridi ya Uswidi, na goti lako linaendeleaje? Sisi hatujambo, ila joto limeanza, na vidole vyangu vinawaka kwa pilipili kavu. Sababu unaijua.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unaniamuru nisiuchapishe mchuzi wa karanga wa mama katika kitabu cha kumbukumbu watakachogawiwa watu siku ya kuchomwa mwili wake, eti ni siri ya ukoo. Kaka, nakuheshimu, lakini hapo sikutii.

Siri gani? Mama mwenyewe alifundishwa na Bi Romlah, jirani yetu wa kule msikitini, aliyekuwa akichoma mishikaki kila sikukuu. Cha kuazima hakifungiwi kabatini.

Shangazi Saengthong yuko upande wako. Alikuja Jumapili, akajibwaga mkekani karibu na kinu changu.

"Wewe mtoto, unataka kila muuza mishikaki apike kama wifi yangu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Huna haya! Na kupika kwenyewe hujui."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Mama hakupima kitu. Mara ya kwanza nilizitwanga karanga mpaka zikawa uji. Mara ya pili nililikoroga tui bila kupumzika, nikiogopa litakatika, na mchuzi ukatoka mweupe, umepooza. Shangazi alionja, akatema.

"Huu wa wagonjwa. Acha tui likatike, mjinga wewe! Wifi alingoja mafuta yaelee."

Nikaliacha likatike. Nikatia pilipili na mchaichai nilivyovitwanga, mafuta yakawa mekundu, kisha karanga za kukaanga zilizopondwa nusunusu, ukwaju, na sukari ya utomvu wa mvumo ya hapa kwetu. Kila kijiko nilikiandika. Shangazi akaonja, akachota tena, akanigeuzia mgongo. Alikuwa analia.

Sasa nikuambie kwa nini sirudi nyuma, maana wewe hukuwepo. Kiharusi kilipompokonya mama ulimi na mkono wa kulia, kila jioni alikinyooshea kinu kidole cha mkono wa kushoto. Nilimnunulia mishikaki sokoni. Alichovya, akatafuna polepole, akauweka mshikaki chini. Nyumba nzima hapakuwa na mtu wa kumpikia mchuzi wake, naye hakuweza tena kutueleza. Miezi minane, Kaka. Hiyo siri unayoilinda, wa kwanza kunyimwa alikuwa mama. Mimi imeniuma, na bado inaniuma.

Kwa hiyo kitabu kimekwenda kwa mchapaji. Mchuzi uko ukurasa wa tisa, chini ya picha yake. Ukitaka kukasirika, panda ndege uje ukasirikie hapa, mbele ya jeneza.

Msalimie wifi Karin na mwanetu Anong. Shangazi anakusalimu, ingawa anasema mimi na wewe sote hatuna adabu. Fadhila za Buddha ziwafunike huko kwenye theluji.

Nakala yako nitaituma. Usiiweke rafuni. Pika, na umfundishe Anong mapema, wakati ulimi wako bado unasema.

Mdogo wako akupendaye, unune usinune,

Duangjai