Mama, Ulizikwa Nikiwa Kwenye Barafu

Mama,

Nimerudi Durban. Nazunguka humu kwenye fleti yetu ya Albert Park kama mgeni anayeona haya kuuliza choo kiko wapi. Wateja wako bado wanagonga mlango. Mama Mdogo ndiye anayewasuka sasa, anakaza mpaka machozi yanawatoka, na bado wanarudi.

Nilipokuaga kwenda na meli ya utafiti kwenye bahari ya barafu, ulicheka. "Barafu iko mu frigo, weye unaifuata wapi?" Kisha ukanivalisha soksi mbili mbili kama mtoto wa chekechea.

Kule, siku moja, kipande cha mto wa barafu kikubwa kuliko jengo letu kilimeguka kikatumbukia baharini mbele ya meli. Nililia, Mama. Mbele ya wanasayansi wazima. Kesho yake kiongozi wetu akaniita akaniambia umefariki, na kwamba meli haiwezi kugeuka. Sikulia. Nilirudi kwenye sitaha nikaendelea kuteka maji na kupima chumvi, kwa sababu barafu ikiyeyuka chumvi hupungua, na hilo angalau nililielewa. Jioni nilikula. Nikaomba kuongezewa.

Mimi ni mtu wa namna gani?

Kwa ujinga wangu nilimsimulia Mama Mdogo. "Eish! Weye unalilia barafu, sisi tunazika dada yangu!"

Papa hanilaumu. Ila kila anapoanza kunisimulia maziko yako, nasimama, nakwenda kuosha sahani ambazo ni safi. Nikisikia, utakuwa umekufa. Nisiposikia, basi uko wapi?

Sasa watu wa meli wananiita safari ya pili. Nataka kwenda. Sijui kama ni kazi inayoniita au ni wewe ninayekukimbia. Kule hakuna aliyekujua, kwa hiyo kule hakuna anayekukosa. Usiku nasema ndiyo, asubuhi naona aibu.

Nakuahidi hili moja: sitawajibu kabla sijamsikiliza Papa. Jumapili tukitoka kanisani nitaketi karibu naye, nimwombe aanzie pale walipokuvika nguo, afike hadi koleo la mwisho la udongo. Nitamwacha amalize.

Nenda salama, Mama. Nakuaga kwa mkono tu; moyo bado haujajua kwamba umeondoka.

Mwanao,
Mapendo