Utepe wa Pinki Ulioniletea

Kwa kaka yangu mkubwa Rocco,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia, na baridi ya huko Torino haijakugandisha ulimi, maana ulimi huo utauhitaji ukimaliza kusoma. Sisi huku kijijini hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini kugombana bado anaweza. Mke wangu Assunta anakusalimu, ingawa maneno yenyewe aliyotumia siwezi kuyaandika.

Mwanangu sasa ana wiki saba. Ana mapafu kama honi ya lori, na honi mimi nazijua: nimeendesha miaka ishirini na miwili, nimeshusha matikiti Hamburg, Lyon na Warsaw, na nimetukanwa kwa lugha sita. Shule niliishia darasa la tano, wewe ukaendelea. Lakini jambo moja sikuhitaji mwalimu: mtoto wa kiume wa kwanza anaitwa jina la babu yake. Baba alikuwa Andrea. Mwezi wake wa mwisho kitandani mimi ndiye niliyemnyoa ndevu, na aliniomba kitu kimoja tu, jina lake lisiishie kwenye jiwe la kaburi. Nikamwapia. Wewe hukuwepo, ulikuwa na kazi.

Basi nilipokupigia simu kukupa habari, nilitegemea utalia. Ukacheka. Ukasema Andrea siku hizi ni jina la wasichana, eti kwenye jengo lenu wapo watatu, wote wanavaa sketi, na nikitaka mtoto akue mwanaume nimwite Rocco, kama wewe. Nikakujibu kwamba Baba alichonga mawe miaka arobaini na hakuna aliyewahi kumuuliza sketi yake iko wapi. Ukazidi kucheka. Hilo ningelisamehe. Lakini ukampigia na Mimmo kinyozi, na kumwambia Mimmo kitu ni sawa na kukipigia kengele ya kanisa. Nikiingia baa wananiuliza binti hajambo, nimeshaanza kumsuka, nimeshamwekea mashuka ya harusi? Hata padri aliniita pembeni, akauliza kama nisingependa kumwongezea jina la pili, la tahadhari.

Kisha kikaja kifurushi chako. Tulikuwa tumeshatundika utepe wa buluu mlangoni, kama nyumba yoyote iliyopata mvulana. Nikakifungua mbele ya majirani, najisifu kwamba kaka yangu wa Torino ametukumbuka. Ndani mna utepe wa pinki, mkubwa kama kabichi, na kikaratasi: “Kwa Andrea, mrembo wetu.” Watu walicheka mpaka Bi Carmela akashika ukuta. Mama hakucheka. Alikwenda jikoni, akaigeuza picha ya Baba itazame ukutani, ili asione.

Siku ile niliapa utanilipa, Rocco. Kwanza nilitaka kuja na lori nikumwagie tani mbili za samadi mlangoni. Assunta akanizuia, akasema samadi ina thamani. Basi nikaukunja utepe wako vizuri, nikauweka kabatini, nikangoja.

Sasa nikiri kwako jambo. Februari, binti yako Loredana alipokwambia ana mimba na hataki kuolewa na yule mwanaume, ulimwekea sanduku lake kwenye ngazi. Watu unawaambia yuko Milano, anasoma. Hayuko Milano. Alishuka kwenye basi hapa kwetu na sanduku lile lile, akaniuliza, “Baba mdogo, na wewe utanifukuza?” Miezi minane sasa analala chumba cha Baba. Kijiji kizima kinajua. Hata Mimmo anajua, na kila ulipompigia mkamcheka mwanangu, alikuwa anakucheka na wewe. Mama ndiye aliyemfunga mdomo; alimwambia akitamka neno, mkasi wake ataukuta mahali pasipotajwa.

Jumanne iliyopita Loredana alijifungua. Msichana, kilo tatu na nusu, pua ni yako, pole yake. Tulipomuuliza jina hakufikiri hata kidogo. Alisema chumba hiki ni cha babu yake, na babu yake hakuwahi kumfungia mlango. Amemwita Andrea.

Kwa hiyo ulisema kweli, kaka. Ni jina la wasichana, na mmoja wao ni mjukuu wako. Utepe wako nimeutundika mlangoni, pembeni ya ule wa buluu. Wapitao wananiuliza nani katoa kitu kizuri hivyo. Nawajibu ni babu yake mtoto, aliutuma kabla hata hajazaliwa.

Tutawabatiza wote wawili tarehe thelathini Novemba, siku ya Mtakatifu Andrea, mwenye jina la Baba. Mlango utakuwa wazi. Ila utaingia ukipita chini ya utepe wako mwenyewe, mchana kweupe, Mimmo amesimama pale na baa nzima nyuma yake, na kabla hujaonja hata divai utamwomba Loredana radhi mbele ya Mama. Usipokuja, Andrea wote wawili nitawabeba mimi. Mikono ninayo.

Msalimie shemeji, mwambie huku kuna mtu mdogo anayemngoja. Picha ya Baba tumeshaigeuza, sasa inatazama mlangoni.

Ni mimi mdogo wako asiyekusahau, kwa mema na kwa mengine,

Donato, baba yake Andrea