Mtambo Wangu Unasema Sawa, Mvua ya Makwale Inasema Sivyo

Mama Veronika mpendwa, salamu nyingi kutoka Kyela, naomba unishike mkono kabla ya Jumamosi, maana nimefika mahali ambapo mwanaume wa miaka hamsini na moja anaogopa kukutana na mama mmoja mkulima wa mpunga, na kosa si la yule mama, ni langu.

Mimi ni fundi wa kompyuta, kwetu ni Kongwa, kwenye ukame, nililetwa huku miaka mitatu iliyopita kuusaidia umoja wa wakulima ambao una vipima mvua vijijini, na kila asubuhi saa tatu msomaji wa kijiji anapima, anatuma namba kwa simu, na programu yetu ikiona mvua imezidi inawatumia watu wa mabondeni ujumbe wahamishe ng'ombe. Programu yenyewe ni vifurushi vinne vinavyotegemeana, na kwa kuwa najijua kwamba nikirekebisha kimoja naharibu viwili, niliamua kuseti mtambo wa majaribio, yaani kila mmoja wetu akigusa mstari, mtambo unaamka wenyewe, unakijenga kifurushi upya, unakipitisha kwenye mifano niliyoiandika, yaani namba na jibu linalotakiwa, kikifaulu unawasha alama ya kijani, kikifeli nyekundu. Kuuseti kulinichukua wiki tatu, na wiki moja kati ya hizo niliimaliza kwa sababu ya nafasi moja tupu iliyozidi kwenye faili la mipangilio, usicheke, na siku ulipowaka kijani niliwanunulia ofisi nzima soda.

Sasa mama huyo anaitwa Tulinagwe, msomaji wetu wa Makwale. Machi alituma mara tatu namba inayozidi milimita mia, na mara zote programu ilimjibu "kosa la msomaji, pima upya", ikazitupa, na baada ya ile ya tatu ikaandika jina lake kwenye orodha ya wasioaminika, na moja ya siku hizo watu wa bondeni hawakupata ujumbe wowote, maji yakachukua ndama wawili. Lawama zikamwangukia yeye, kijijini wakaanza kusema anatunga mvua, na mimi niliulizwa nikajibu kwa kujiamini kabisa kwamba mtambo ni wa kijani, kwa hiyo mama ndiye amekosea. Mkutano wa Jumamosi pale Ipinda utamnyang'anya kipima mvua apewe mtu mwingine.

Juzi nikaenda kwake nikague chombo. Nilimkuta anaanza kupima, akaniita, "Baba, sogea uhesabu mwenyewe, mimi si naitwa mwongo." Glasi yake ni ya milimita ishirini na tano, ikajaa mara tano, ya sita ikafika katikati, mia thelathini na nane, nimeiona kwa macho yangu na miwani juu. Nikachukua simu yake nikatuma mwenyewe. Jibu likaja: kosa la msomaji, pima upya. Akanitazama, akasema, "Ndaga, baba, asante. Leo na wewe ni mwongo mwenzangu. Hivi kwenu mvua mnapima kwa kijiko?"

Nilikimbilia ofisini, Mama Veronika, kichwani swali moja tu, inawezekanaje kitu kinachojaribu kila siku kisilione hili? Nikaufungua mtambo, kijani kitupu, nikaifungua mifano mmoja mmoja, na nikalikuta kosa. Mifano yote niliitoa kwenye daftari langu la mvua za Kongwa, ambako mvua kubwa niliyowahi kupima ni sabini na moja, na mmoja niliuandika kwa mkono wangu: mtu akituma mia na thelathini, programu IMKATALIE. Yaani mtambo ulikuwa unahakikisha kila siku, kwa uaminifu mkubwa, kwamba mvua ya Kyela inakataliwa. Mbaya zaidi nikakumbuka mwaka jana Nancy, mwenzangu ofisini, ambaye kwao ni Ndandalo, huku huku Kyela, aliwahi kukipandisha kikomo cha mia, ambacho namba ikikizidi programu inaikataa, mtambo ukawaka nyekundu, nikamwambia, "Nancy, umeharibu, rudisha," akarudisha.

Naweza kurekebisha kwa dakika kumi na hakuna atakayejua. Nirekebishe kimya na nimtetee mama kwa maneno ya jumla, au niseme? Nikisema, nani ataniamini tena na kompyuta zangu? Na je, mtambo wa majaribio unajaribiwa na nani?

Wilbroad, Kyela

MAMA VERONIKA ANAJIBU

Wilbroad, baba, nimeisoma barua yako mara mbili. Ya kwanza kuelewa, ya pili kucheka, na ile nafasi moja ya wiki nzima nimeicheka zaidi. Mimi kompyuta naijua kwa kuifuta vumbi, lakini mtambo wako naujua vizuri. Miaka kumi na miwili nilionja mchuzi kwa ulimi wangu mwenyewe, nikajipa kijani kila siku, na mume wangu akala kimya. Siku dada yake alipokuja akaonja ndipo nikajua nilikuwa nawalisha watu chumvi. Swali lako la mwisho basi lina jibu: mtambo unajaribiwa na mtu asiyekula kwako.

Pole sana. Sasa nikugombeze. Uliletwa Kyela, watu wanaogelea barabarani mwezi wa nne, na katika miaka mitatu hukumuuliza hata mmoja mvua ya huku inafika wapi? Nancy alikuonyesha bure, ukamwambia ameharibu. Na hizo dakika kumi za kimya zisahau. Ukirekebisha kimya, programu itapona na Tulinagwe atabaki mwongo. Namba inarudishwa kwa kidole. Jina la mtu linarudishwa mbele ya wale wale waliolichafua.

Fanya hivi. Programu usiiguse bado. Gusa mifano: futa ule wa mia na thelathini, weka mia thelathini na nane, Makwale, na jina la mama pale pale. Mtambo utawaka nyekundu. Uache hivyo hivyo, na hadi Jumamosi watu wa mabondeni uwapigie simu wewe mwenyewe kila mvua ikizidi; vidole vikiuma, vizuri. Kesho nenda Makwale, usitume mtu wala ujumbe. Mwambie yeye kwanza, kabla ya mkutano, na umwombe daftari lake la mvua, maana hiyo ndiyo mifano uliyopaswa kuanza nayo. Nancy umwombe radhi mbele ya hao hao uliowanunulia soda.

Jumamosi simama kabla hawajafika kwenye habari ya kipima mvua. Waonyeshe nyekundu, sema aliyekosea ni nani na ndama walikwendaje, kisha kikomo akipandishe Nancy, na Tulinagwe aone kijani kikiwaka kwa namba yake. Unauliza nani atakuamini? Mimi ningemwamini zaidi fundi aliyewahi kusema "nilikosea hapa" kuliko yule wa kijani kila siku.

Na yule mama akikuuliza tena, mbele ya Ipinda nzima, kama kwenu mnapima mvua kwa kijiko, usijitetee. Mjibu: ndiyo, mama, na nilikuja nacho.